Kiti cha Mzee Sheshe

Mzee Sheshe ni jirani yangu. Mlango wake unatazamana na wangu, na kama kuna mtu huku juu Magamba anayeweza kueleza habari zake ni mimi, kwa sababu mwenyewe hasemi. Tangu zamani hakuwa msemaji. Sasa ndiyo basi tena.

Maisha yake yote alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwenye shamba moja la wageni karibu na msitu. Aliingia pale hata ndevu hazijaota, akazeekea palepale. Kazi yake ilikuwa kuwalisha farasi, kuwasugua, kuwachokoa kwato, kuzoa mavi, na kutembea mbele kwa miguu ameshika kamba huku mgeni amekaa juu anapiga picha za mabonde. Yeye kupanda, hakupanda hata siku moja. Ukimuuliza, anakwambia farasi ni wa wenye farasi. Jibu hilo lilikuwa likiniudhi. Nilimwambia mara nyingi kwamba mtu hawezi kupika pilau miaka yote asionje hata ukoko. Alicheka tu.

Mjukuu wake Mwanaheri ndiye aliyeonja. Mama yake, binti pekee wa mzee, alifariki mtoto angali mdogo, basi babu akawa anakwenda naye kazini. Mama mwenye shamba, mzungu mmoja mtu mzima sana, alimpenda mtoto yule, akamweka juu ya farasi kabla hajajua kusoma. Mzee alikubali kwa sharti moja tu. Alimwambia kwamba akiwa juu ya mnyama akakutana na mtu mzima, ashuke, atoe shikamoo, aitikiwe, ndipo apande tena. Huku kwetu hata mwenye baiskeli hushuka akikutana na mzee njiani, angalau yule aliyelelewa. Kumsalimia mkubwa ukiwa umemwinamia kutoka juu ni kama kumtemea mate.

Na mtoto alishika. Siku za soko nilikuwa namwona anatoka bandani na farasi jike mwekundu aitwaye Zabibu, anampeleka kunywa maji mtoni. Kila mama mwenye tenga la matunda ya plamsi akipita, Mwanaheri chini. Mama mwingine, chini. Safari ya kufumba na kufumbua ilikuwa inakula asubuhi nzima. Watu walimsifu mzee kwa malezi yale mpaka akawa anatembea kifua mbele. Nami nilisifu, sikatai, maana mwanangu mimi hata kugeuka ukimwita ni kazi.

Kisha yule mama mwenye shamba akafa, na warithi wake walioko ng'ambo wakasema wanauza. Wakati huo Mwanaheri alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo yake yalikuwa ya kufunika kombe mwanaharamu apite. Kazi ya mzee inakwisha, farasi wanaondoka, mtoto hana cheti cha maana, shamba la mzee lenyewe ni kipande cha mteremko kinachoporomoka kila mvua ikinyesha. Hapo ndipo likaja tangazo la mashindano.

Valentino, msimamizi wa shamba, mtu wa Tanga, ndiye aliyetueleza. Kabla farasi hawajauzwa, vijana wangekuja kutoka Arusha na kwingineko kushindania ubingwa palepale shambani. Si mbio. Waamuzi hawatazami nani kafika kwanza, wanatazama namna mtu anavyokaa: mgongo, mikono, visigino, na jinsi anavyosema na farasi bila kelele. Atakayeshinda angechukuliwa na shule ya farasi ya huko Arusha, alale kwao, ale kwao, afundishwe mpaka awe mwalimu. Na shule hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inamnunua Zabibu. Nilimwangalia Mwanaheri wakati Valentino anasema maneno hayo. Alikuwa ameacha kupumua.

Wakaanza mazoezi. Kwa kawaida mpandaji huingia uwanjani, husimama mbele ya meza ya waamuzi, huinamisha kichwa na kushusha mkono mmoja, hiyo ndiyo salamu yao, halafu anaendelea. Valentino alisimamisha pipa tupu badala ya meza. Mbele ya pipa Mwanaheri hakuwa na kosa. Lakini siku mzee akisimama karibu na pipa lile, msichana alifika, akasimama, na mara miguu iko chini, shikamoo babu. Valentino aligomba. Akaeleza kwamba kwenye mashindano mguu ukigusa ardhi kabla ya kumaliza, umetoka, hakuna majadiliano. Mwanaheri akajaribu tena, akashuka tena. Alisema si yeye, ni mwili wenyewe unashuka. Wageni wa Arusha angeweza kuwachukulia kama pipa, hilo halikumpa shida. Babu hakuweza kumfanya pipa.

Basi asubuhi ya mashindano, mzee akiwa anamsuka Zabibu singa za shingoni, nami nimepita na ndoo yangu ya maandazi, nilimsikia mtoto akisema naye. Alikuwa amepiga goti kwenye majani makavu.

"Babu, nakuomba usije uwanjani. Nikikuona nitashuka."

Mzee akasema, "Siji. Nitakaa humu bandani, utakuja kunisimulia."

Na nia yake ilikuwa hiyo. Mtu asije akamsingizia mzee wa watu.

Ukungu ulikuwa mzito, ule wa Magamba unaoingia mpaka ndani ya shuka. Ulipopanda, watu walikuwa wamejaa kuzunguka kamba, na mimi meza yangu ya chai nimeiweka karibu kabisa na waamuzi, kwa hiyo niliona yote. Watoto wa Arusha waliingia mmoja mmoja, suruali nyeupe, viatu vinang'aa. Nilikwenda pale na roho mbaya, niseme kweli, nikitaka waanguke. Hawakuanguka. Walikuwa wazuri. Alikuwapo msichana mmoja mrefu aliyekaa juu ya farasi wake kana kwamba alizaliwa naye, na moyo wangu ukashuka. Kisha nikamkumbuka Mwanaheri kwenye mazoezi, nikajipa moyo. Wetu alikuwa anakaa vizuri kuliko yule. Hata Valentino, ambaye kusifu kwake ni kwa kijiko cha chai, alikuwa ameshasema hivyo.

Sasa, kule bandani mzee alikuwa anasikia makofi. Fikiria mtu aliyeishi na farasi maisha yake yote, akawasikia wakishangiliwa kila walipokuja wageni, wala hajawahi kuona kinachoshangiliwa, kwa sababu makofi yakipigwa yeye yuko bandani na ndoo. Alitoka. Alisimama mbali, nyuma ya ua la michongoma, kofia ameishusha usoni. Pale alipokuwa, mjukuu wake asingemwona. Mambo yangeishia hapo.

Mmoja wa waamuzi alikuwa mama wa makamo aitwaye Devotha, mwanamke mwema, simsemi kwa ubaya. Alikuja kwangu kunywa chai kabla zamu ya Mwanaheri haijafika, akamwona mzee kule nyuma ya ua, akamuuliza Valentino ni nani. Valentino, badala ya kumeza ulimi, akajibu kwa fahari kwamba huyo ndiye aliyemlea msichana wetu na farasi wake. Mama Devotha akaweka kikombe. Akamwendea mzee, akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, akamwambia mtu kama yeye hawezi kusimama nyuma ya miiba. Akabeba kiti mwenyewe, akakifuta kwa kitenge chake, akakiweka ubavuni mwa meza ya waamuzi.

Mzee alikataa. Nilimsikia akisema pale alipo panamtosha. Mama akadhani ni unyenyekevu, akamshika mkono. Mgeni, tena mwenye cheo, amekubebea kiti kwa mikono yake na kukifutia vumbi kwa nguo yake. Mshambaa gani wa umri ule atamwambia mgeni ondoa kiti chako? Na Kiswahili cha mzee si kirefu, cha kueleza jambo lenye kona kama lile hakitoshi. Valentino alikuwa ameshakwenda langoni kumtoa msichana. Nami nilikuwa na birika mkononi, na kabla sijajua niseme nini lango likafunguliwa. Mzee akakaa ukingoni mwa kiti, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji hakupona.

Mwanaheri aliingia kwa mwendo wa matiti, ule wa kati wa farasi, si kutembea si kukimbia. Nguo zake za kuazima, kitambaa kimefungwa vizuri chini ya kofia ngumu. Mgongo wake umenyooka, mikono imetulia, na Zabibu chini yake anakwenda kama maji ya mfereji. Mama Devotha aliinama mbele. Nilimwona yule msichana mrefu wa Arusha pembeni akiuma mdomo, nikajua, na yeye amejua.

Akasimama mbele ya meza. Akaanza kuinamisha kichwa, mkono unashuka. Hapo macho yake yakafika kwenye kile kiti.

Nilimwona akipigana. Watu wengine hawakuona, mimi niliona. Mkono ulishika tandiko, ukaachia, ukashika tena. Kisha akashuka. Alikunja goti kwenye nyasi zenye umande, hatamu mkononi.

"Shikamoo babu."

Watu wakapiga makofi. Hilo ndilo sitalisahau, walipiga makofi na kushangilia na kuinua simu zao, kwa sababu walidhani wameonyeshwa kitu kizuri, na kilikuwa kizuri kweli. Mwamuzi wa pili alikuwa ameshainua bendera nyekundu.

"Marahaba, mjukuu wangu," mzee akasema. "Panda. Panda upesi."

Alipanda. Akazunguka uwanja wote bila kosa, na hakuna aliyekuwa anaandika. Mama Devotha alibishana na mwenzake mpaka sauti ikamkauka, lakini sheria haikuwa na mlango. Alimfuata mzee baadaye akilia, akaahidi kwamba atapiga simu. Wiki zikapita, miezi ikapita. Simu haikuja; iliyofika ni picha ya siku ile: Mwanaheri amepiga goti, mzee kitini, na chini yake maneno ya kusifu heshima ya watoto wa milimani. Iliingia kwenye simu za Lushoto nzima. Mwalimu mmoja aliwaonyesha wanafunzi wake. Nilitamani kumnyang'anya ile simu niitupe chooni.

Zabibu aligoma kupanda lori la Arusha. Walimwita Mwanaheri, akampandisha yeye mwenyewe, akashuka peke yake.

Siku hizi msichana anabeba kabichi. Bonde letu lina kabichi, lori linasimama juu barabarani, na kati ya bonde na barabara kuna mteremko ambao hata mbuzi anaulaumu. Anabeba kiroba kichwani, mgongo umenyooka vilevile. Hajamlaumu babu yake kwa neno hata moja, na nadhani hilo ndilo linalommaliza mzee.

Juzi nilikuwa napumzika kwenye ile njia. Mzee alikuwa akiteremka na fimbo yake. Kule chini Mwanaheri akatokeza kwenye kona, mzigo kichwani, anapanda. Hajamwona. Akimwona, mnajua atafanyaje: ataitua ile kabichi chini, apige goti, aamkie, kisha ahangaike kujitwisha peke yake katikati ya mteremko.

Mzee alisimama kidogo. Halafu akatoka njiani, akaingia kwenye majani, akachuchumaa nyuma ya mgomba na kuishika kofia yake kifuani. Mtoto akapita. Mzee alikaa mle mpaka hatua zake zikaacha kusikika.