Ukimwambia Mtu Ngoja

Mwanangu, iko siku moja ya msimu wa bata ambayo nikiikumbuka mpaka leo chakula hakinishuki.

Nilikuwa kijana, dereva wa kafili mmoja, mwenyeji aliyenidhamini kazi, hapa Doha, nyumba yake Al Thumama. Joto likianza kupungua, bata kutoka nchi za baridi hushuka kwenye mabwawa ya nje ya mji, na kafili wetu hakupata usingizi mpaka ampeleke kozi wake, ndege wa mawindo, kuwinda. Kozi akimpiga bata, bata huangukia majini au kwenye matete, na hapo kazi ilikuwa ya Popi. Popi alikuwa mbwa mweusi wa kuokota windo. Ataogelea, amlete bata mdomoni bila kumtoboa, mara nyingine angali hai, tuwahi kumchinja.

Aliyemfundisha ni Mzee Wafula, Mkenya wa Bungoma, mtunza wanyama wa nyumba ile. Alimfundisha kwa Kiswahili, basi hata kafili ikambidi ajifunze maneno mawili: leta na ngoja. Popi akiambiwa ngoja, ataketi ukingoni, na bata wapite tele juu ya kichwa chake, hainuki mpaka aitwe.

Siku hiyo Mzee Wafula alishikwa na homa, nikakabidhiwa mbwa mimi. Mimi mtoto wa Tanga, niliyelelewa kumkwepa mbwa njiani, nikajiona nimepewa cheo! Tulipofika nikamwambia Popi ngoja, akaketi kando ya matete. Mara kundi kubwa likatua bwawa la mbali. Kafili, aliyepanda gari la wageni wake, akaita, "Yalla, yalla!" nami nikarukia usukani kuwafuata. Huko tuliwinda kwa mbwa wa wageni, wenyewe wakanisifia udereva, na adhuhuri tukarudi mjini kwa njia nyingine. Sifa zilinilevya. Nilipofungua nyuma ya gari nyumbani ndipo nikakuta blanketi la Popi tupu.

Moyo ulinipasuka. Mbwa yule alipendwa kuliko mimi, wallahi si utani. Nikaenda kwa Mzee Wafula na uongo wangu.

"Mzee, Popi ametoroka."

Akaniangalia kutoka kitandani. "Huyo hatoroki, kijana. Mwisho ulimwambia neno gani?"

"Nilimwambia ngoja."

"Basi yuko hapo hapo. Twende."

Akaamka na homa yake. Tulimkuta Popi pale pale nilipomwacha, jua linampiga, ulimi umekauka. Maji yalikuwa mbele yake, karibu kabisa, na hakuwa ameyagusa kwa kuwa hakuambiwa ainuke. Aliponiona alitikisa mkia. Alinitikisia mimi, mwanangu. Nililia bila kuona haya.

Mzee Wafula alimnywesha kwanza, kisha akasema bila kunitazama, "Anayengoja hajui kama umemsahau. Yeye anajua tu kwamba ulimwambia. Na huko kwenu, ni nani umemwambia angoje?"

Nilimjua. Mkataba wa kwanza ulipoisha nilimwambia mama, ngoja kidogo, nanunua kiwanja. Wa pili ulipoisha, ngoja, naezeka paa. Kila mara alinijibu, "Haya baba, nangoja." Siku ile nikaapa kwamba msimu ukiisha nakwenda. Msimu ukaisha, kafili akaniongezea mshahara, nikampigia tena: ngoja mpaka Idi.

Mbwa nilimwahi. Mama sikumwahi, Idi haikumkuta. Dada yangu aliniambia mchele wa pilau ya kunipokea ulikuwa umeshanunuliwa.

Wazee walisema ahadi ni deni, nasi tukadhani ni maneno ya kunogesha harusi. Wewe unayelinda mlango wa hoteli pale Pearl, wewe unayelea watoto wa watu, najua simu ikilia kutoka nyumbani wakati mwingine huipokei, maana umechoka kusema neno lilelile. Sikulaumu. Ila nakuusia: usimwambie mtu ngoja kwa kuwa tu ni neno jepesi mdomoni. Kama huendi, mwambie siendi. Ataumia, lakini atainuka ashike maisha yake. Na kama utakwenda, nenda paa likiwa bado halijaisha. Mabati yatakusubiri, binadamu huenda asiweze.

Mungu akulinde katika nchi ya watu, mwanangu, akurudishe salama, na siku utakapopiga hodi kwenu, awepo wa kukuitikia.