Kisu kwa Ajili ya Swala Mmoja

Nilitandika gunia la alizeti uani kwetu Nkuhungu nikamwaga juu yake visu vyangu vyote. Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Alivitazama, akasema, "Unakwenda kuwinda au unafungua bucha?"

"Nachagua."

"Chagua basi kabla watoto hawajarudi kutoka shule. Na hicho cha kukatia vitunguu ni changu."

Kilikuwa chake kweli. Nilikirudisha jikoni.

Vilivyobaki vyote vilikuwa na historia. Tangu nimalize kidato cha nne miguu yangu haijapenda kukaa. Nimekuwa utingo wa malori, nimepakia karanga Gulwe, nimeponda kokoto, na siku hizi nazunguka vijijini nikinunua alizeti na kuipeleka kwenye mashine za kukamua mafuta. Wenzangu waliohama kama mimi walitoka kila mahali na picha. Mimi nilitoka na visu. Kimoja kizito mhunzi wa upande wa Kondoa alinifulia kutokana na springi ya lori. Kingine kifupi, chenye ncha ya mviringo, ni cha kuchunia ngozi, na ncha yake imefanywa vile ili isitoboe utumbo. Ninachokipenda kuliko vyote ni chembamba, mpini wa mpingo, nilichopewa Gulwe na mzee aliyekuwa akichinja mbuzi karibu na stesheni. Alikuwa anahamia kwa binti yake, akasema huko hakuna mbuzi. Kila nikikishika nasikia maganda ya karanga yakivunjika chini ya viatu na mabehewa ya mizigo yakigongana, na nawaza kuondoka tena, sijui kwenda wapi.

Safari hii lakini haikuwa ya hamu zangu. Baba mkwe alikuwa ametoka hospitali. Daktari alisema amepona, ila alikuwa hali chakula. Alionja uji, akageukia ukuta. Mama mkwe alimpikia kila alichojua kupika na vingine alivyosikia kwa majirani, sahani zikarudi jikoni kama zilivyokwenda. Mwili ulikuwa unaisha. Kisha asubuhi moja mzee akasema kwamba labda angeweza kula swala. Si nyama ya mjini iliyolala kwenye friji. Swala wa porini kwao, huko Chemba.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anamiliki bunduki kihalali, akaenda kuomba kibali. Alipewa cha swala mmoja. Halafu akanipigia simu.

"Shemeji, unahitajika kwa ajili ya shingo," alisema. "Mengine yote tunaweza wenyewe."

Nilimwelewa mara moja. Nyumba ya baba mkwe ina Waislamu na Wakristo, wote wanasema lugha ya kabila lao, ile ya kugonga ulimi kwenye maneno, wote wanakula pamoja Idi na Krismasi, na kwa sababu hiyo anayechinja ni Mwislamu siku zote ili asibaki mtu na sahani tupu. Mzee ni Mwislamu. Shemeji ni Mkristo, na binamu yake ambaye ndiye hufuata nyayo ni Mkristo pia; Mwislamu wa safari nilikuwa mimi. Shehe mmoja aliwahi kutuambia kwamba mwindaji akitaja jina la Mungu anapofyatua, inatosha hata mnyama akifa kabla ya kisu. Lakini mfyatuaji wetu alikuwa shemeji, na kwa vyovyote baba mkwe hakuwa mtu wa kutosheka na maelezo. Maisha yake yote hajagusa kibudu, na ana swali moja ambalo humwuliza kila anayemletea nyama, awe mtoto wake au mwenye bucha: "Ulimkuta na roho?" Anauliza huku anakuangalia machoni.

Kwa hiyo nilichokuwa nachagua pale juu ya gunia kilikuwa kitu kimoja. Shoka dogo kwa ajili ya kuni na kifua cha mnyama, sawa. Panga la kufyekea miiba, sawa. Kisu cha kuchunia, tupa, kinoo, vyote vikaingia kwenye mfuko bila mjadala. Kazi ya kisu cha kuchinjia ni fupi sana, inaisha kabla hujavuta pumzi ya pili, na kikishindwa hakuna marudio. Kinatakiwa kiwe kirefu kuzidi upana wa shingo, chembamba, mpini usiteleze kwenye damu, na ala ifunguke kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine umeshika pembe. Hicho kilikuwa cha Gulwe. Nilikuwa nimekwisha kukichagua kabla hata ya kutandika gunia, vingine nilivitoa ili nivione tu.

Kilihitaji kunolewa. Siku hiyo nilikuwa napita Ihumwa na mzigo, nikaona fundi anayechomelea mageti, nikamwomba akipitishe kwenye grenda. Cheche ziliruka vizuri sana. Kilirudi kinang'aa. Nilipofika nyumbani na kukigeuza juani niliona mstari wa bluu kandokando ya makali, kama rangi ya shingo ya njiwa. Mtu aliyekaa na malori anaujua mstari huo. Chuma kimeungua, ugumu umetoka. Nilijiambia ni rangi tu. Nilitaka kiwe hicho.

Chemba nilimkuta mzee amelala sebuleni juu ya mkeka, shingo imekuwa nyembamba kama ya mtoto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Una kisu?"

"Ninacho."

"Kinakata?"

"Kinakata, baba."

Akafumba macho. Mama mkwe, aliyekuwa ameshika bakuli la uji mlangoni, aliniangalia mimi badala yake.

Mimi, shemeji na binamu yake tulikwenda kwa pikipiki mpaka njia ilipoisha, tukatembea, na alasiri tukapumzika kando ya korongo kavu. Binamu alitaka kijiti cha kuchokonolea moto. Alichukua kisu changu, akachonga mara mbili, akasita. Akapitisha kidole juu ya makali.

"Shemeji," aliniambia, "hiki ni kisu au kijiko?"

Makali yalikuwa yamejikunja kama karatasi. Shemeji alikuja kuangalia. Wakasemezana kwa lugha yao, ndimi zikigonga, na katikati ya maneno yote nisiyoyajua nikasikia "shemeji", kisha wakacheka.

"Mnasema nini?"

"Tunasema utamchinja swala kwa kumbembeleza."

Nilicheka nao kidogo, nikaacha. Shemeji naye aliacha kucheka. Nadhani wote tulimkumbuka mzee juu ya mkeka ule. Alifungua mfuko wake akatoa visu viwili, vikali, vilivyotunzwa na mafuta, vya kumfurahisha mtu yeyote.

"Chukua kimojawapo."

"Vimewahi kukata ngiri?"

Alivigeuza mkononi. Ngiri ni nguruwe wa porini, na kule kwao Wakristo humla kwa furaha.

"Vyote viwili?"

"Shemeji, mimi nawinda ili nile. Unadhani nimewatenga ngiri na kisu chao?"

"Tuvioshe," binamu alisema. "Kwa udongo, kwa maji, kwa majivu. Vitatakata."

"Vitatakata," nilisema. "Halafu mzee akiuliza ulichinja kwa kisu gani, nani atajibu?"

Kile cha kuchunia kilikuwa kisafi na kikali, lakini urefu wake ni kama kidole cha kati. Kwenye shingo ya swala dume kingetaka kusugua mara tatu nne, na huko si kuchinja, ni kumtesa mnyama na kujitesa mwenyewe. Panga lilikuwa na mapengo. Kurudi kijijini kungetupotezea siku, na uji ulikuwa hauingii.

Ndipo nilipotoa tupa. Kama chuma kilikuwa kimeungua, kilikuwa kimeungua kwenye makali, mahali grenda ilipogusa. Ndani yake huenda kilikuwa bado kisu. Nilikaa juu ya jiwe, nikakibana kati ya goti na mzizi, nikaanza kula ile bluu. Tupa iliingia kirahisi, ilikuwa inang'ata chuma kama mti laini, na urahisi huo ulinikera kwa sababu ndio uliothibitisha kwamba kimeharibika. Nilipochoka binamu alipokea. Akafuata shemeji, akilalamika.

"Nimekuja na bunduki, nafanya kazi ya mhunzi."

"Wewe sukuma," binamu alimwambia. "Kwa bunduki hatujaona hata sungura."

Bapa lilizidi kuwa jembamba. Jua lilikuwa limeanza kulala nilipopokea tena, nikasukuma, tupa ikateleza. Nikasukuma tena. Ikateleza tena, na sauti ikawa nyingine, ya juu, kama kucha kwenye kioo. Chuma kigumu kinaikataa tupa. Nilimshika shemeji mkono nikamwambia asikilize, akanitazama kama mtu aliyeamshwa ili aonyeshwe mbu, lakini mimi nilikuwa nimesikia. Kulikuwa na chuma mle.

Kilichobaki kilikuwa kinoo na maji. Maji yalikuwa ya kunywa, ya kwenye dumu, na shemeji aliyamimina kwa kipimo cha mtu anayepima dawa. Tulinoa upande huu, upande ule, mpaka nilipojaribu kwenye mkono wangu na vinyweleo vikaondoka bila kuvutwa. Kisu cha Gulwe kilikuwa kimepungua, kimekuwa kama jani la mtama, lakini kilinyoa.

"Sasa wapi nimpige?" shemeji aliuliza tulipokuwa tunakula ugali wetu. "Nikimpiga vizuri sana atakufa papo hapo. Nikimpiga vibaya atatukimbiza mpaka Manyoni."

"Piga unavyopiga siku zote. Nitakimbia."

"Wewe? Na kitambi hicho?"

Asubuhi tuliwakuta swala kwenye ukingo wa kichaka, kundi dogo, dume akiwa pembeni. Nilikaa nyuma ya bega la shemeji karibu kiasi cha kumsikia akimeza mate. Mlio ulipotoka swala alianguka, akainuka, akakimbia, akaingia kwenye miiba. Nilishaondoka. Sikumbuki kukwepa chochote. Shati lilibaki vipande vipande kwenye matawi, na katambuga yangu moja ya tairi ilikatika ukanda, nikaendelea na mguu mmoja pekupeku.

Nilimkuta amelala kwa ubavu mahali palipo wazi kidogo, jicho limefunguka, hatikisiki hata sikio. Nilisimama. Nilichofikiria hakikuwa swala, kilikuwa lile swali na macho ya mzee, na jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kusema ndiyo, maana porini pale nilikuwa peke yangu. Nilipiga magoti. Na ubavu ukainuka. Uliinuka taratibu, ukashuka, ukainuka tena.

Nilishika pembe, nikamwelekeza kibla, kaskazini, ala ikafunguka kwa mkono mmoja. Bismillahi, Allahu Akbar. Mkato mmoja. Sikuhisi kisu kikikwama popote. Damu ilitoka kwa msukumo, kwa mapigo, ikarukia magoti yangu, na miguu ya nyuma ikapiga mateke mpaka vumbi likapanda. Kibudu hapigi teke. Nilishukuru kwa kila teke.

Shemeji alitokea kwenye miiba anahema, bunduki juu.

"Alikuwa na roho?"

"Alikuwa nayo. Tazama damu."

Alitazama. Kisha akakaa chini, palepale kwenye vumbi, mtu mzima mwenye bunduki yake, akafuta uso kwa kofia na kuiacha juu ya uso kwa muda. Nilikuwa nimesahau kwamba mzee ni baba yake. Binamu alipofika alituangalia wote wawili, akachukua kile kisu kifupi mfukoni mwangu na kuanza kuchuna bila kutuuliza kitu.

Tulifika nyumbani mchana. Mama mkwe alipokea maini kwanza, akayakimbiza jikoni. Mimi nilikwenda kukaa karibu na mkeka, na mikwaruzo yangu na shati lililoisha.

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Ulimkuta na roho?"

"Alikuwa anapumua, baba. Niliona ubavu ukiinuka. Na alipiga mateke baada ya kisu."

Aliniangalia machoni, muda mrefu, kama anavyowaangalia wote. Sikuwa na kitu cha kuficha, na niligundua jinsi inavyopumzisha kuangaliwa hivyo ukiwa huna kitu cha kuficha. Akaitikia kwa kichwa, akataka kuinuliwa. Shemeji alimwegemeza ukutani.

Maini yalikuja yakiwa yamekatwa vipande vidogo kwenye kisosi. Mama mkwe alisimama mlangoni ameuma pindo la kanga. Mzee alichukua kipande, akakitafuna polepole sana, akameza. Sote tulikuwa tunaangalia koo lake. Akachukua kingine. Akachukua cha tatu. Kisha akakitazama kile kisosi, akatutazama sisi.

"Nani amekata hivi?"

"Mimi," mama mkwe alisema. "Ili usipate shida kutafuna."

"Hivi ni vya mgonjwa. Leteni vya mtu. Na chumvi."

"Umesikia huyo," mama mkwe alimwambia shemeji kwa sauti ya kugombeza, huku ameshageuka kwenda jikoni. "Mwezi mzima nambembeleza, leo ananikaripia." Tulimsikia akifunua sufuria, akifunika, akifunua tena, na kijiko kikigonga pembeni. Shemeji aliinama akaanza kufungua kamba za viatu vyake. Mimi nilinyoosha miguu sakafuni, nikaegemea ukuta uleule alioegemea mzee, na tukasubiri chumvi.