Klasi D ya Baba

Mteja akiingia kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio hapa Tunduma, awe wa upande huu au wa Zambia, hutaka "klasi A" hata kabla hajajua ni nini. Shule imetuharibu. Tunajua A ni ya mwenye akili, na D ni ya yule anayerudi nyumbani kaficha ripoti. Nimechoka kueleza kwamba kwenye amplifaya herufi hizo si maksi, ni namna ya kufanya kazi tu. Na aliyenichosha kuliko wote ni mama yangu mzazi.

Mama anaishi Mbebe, kwenye baridi, na umeme wake ni wa sola. Marehemu baba alimwachia amplifaya ya klasi A aliyoiunda kwa mikono yake, na kaseti moja ya mazoezi ya kwaya aliyoirekodi pale pale sebuleni. Mwisho wa kaseti, nyimbo zote zikiisha, baba alisahau kuzima kinasa sauti, akamsemesha mama. Maneno yenyewe mama hakuwahi kuniambia. Ila betri ilishachoka, na kila Jumapili ilizima nyimbo mbili kabla ya kufika hapo. Kuirusha kaseti mbele alikataa katakata, ati wimbo wa Mungu haurukwi.

"Nataka nimsikie tena kabla sijamfuata," aliniambia.

Lawama nilizipeleka kwenye amplifaya. Transista ya klasi A, kile kipande kinachokuza sauti, haipumziki, kama mtu aliyeinua jembe kutwa nzima, kazi iwepo isiwepo. Ndiyo maana sauti yake ni laini, na ndiyo maana inamaliza betri na kuchemka. Klasi B huweka transista mbili zinazopokezana kama watwangaji wawili kwenye kinu kimoja. Umeme hauliwi sana, lakini pale pa kupokezana mchi hujikwaa, na sikio hulisikia hilo. AB huwaacha wote wawili macho kidogo ili wasijikwae. Hiyo ndiyo iliyojaa kibandani kwangu. D yenyewe huwasha na kuzima maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, na umeme karibu wote huishia kwenye spika. Zamani sauti yake ilikuwa kavu. Siku hizi ukipata iliyotengenezwa vizuri, hata mimi fundi hubabaika.

Basi nikampelekea D.

"D?" mama akauliza. "Si ndiyo ile uliyoniletea ya hisabati?"

"Mama, huu si mtihani."

"Baba yako kaimba besi kanisani maisha yake yote, leo unamtia kwenye D."

Nilifunga nyaya huku nanung'unika. Tulipotoka ibadani tukakaa kusikiliza, na betri ikashika. Besi ya baba ilitoka safi, mama akatikisa kichwa kukubali, shingo upande. Wimbo wa mwisho ukaisha. Kikasikika kiti kikivutwa, halafu baba:

"Mama watoto, acha vyombo hivyo. Leta mikono hapa, kuna joto."

Mama akanyoosha mikono yote miwili, akaiweka juu ya amplifaya mpya. Ilikuwa ya baridi. Akaiacha hapo kidogo, kisha akaiondoa taratibu.

"Sauti ni yake," akasema. "Lakini amepoa."

Nililia, na sioni haya kusema. Miaka yote nimewaambia wateja kwamba joto ni umeme uliopotea bure. Nikaichomoa D, nikaiunganisha ile ya baba kwenye chaji iliyobaki, bila kaseti. Klasi A haijali kama kuna wimbo au hakuna. Huwaka hata ikiwa kimya. Tukangoja. Bati lake likaanza kupata uvuguvugu, na mama akairudisha mikono.

Nikabaki nimesimama na bisibisi yangu. Akasogea kidogo kunipa nafasi.

"Na wewe baba, leta mikono."