Siku Wazee Walipojilaza Topeni

Shuleni, bwenini, nimeona mengi. Lakini sikuwahi kuona wazee wawili wenye akili timamu wakilaza pikipiki zao topeni kwa makusudi, kisha wakajilaza humo humo.

Niliona Jumamosi iliyopita. Sikuwa na homa.

Babu yangu ameshapita miaka sabini. Yeye na rafiki zake wa ujanani, Mwalimu na Fundi Cherehani, huendesha pikipiki porini. Barabara ya lami wanaiita barabara ya wagonjwa.

Mama hapendi kabisa. Goti la Babu limechoka, na ameshaanguka zaidi ya mara moja. Asubuhi hiyo alitangaza mbele yetu sote:

"Baba, ukianguka tena, nachukua funguo na pikipiki nauza. Na huyu mtundu anakwenda kuwa macho yangu."

Huyu mtundu ndiye mimi. Nikapakiwa nyuma ya Mwalimu.

Jamani, nilitegemea mbio na vumbi. Nikapewa adhabu.

Kila kilima tunasimama, mmoja anakojoa. Wa pili anakumbuka kwamba na yeye amebanwa. Wa tatu anaapa hana haja. Tukishaondoka tu, haja inamjia.

Kwenye njia panda walibishana mpaka injini zikapoa.

"Njia ni kushoto," alisema Babu.

"Kushoto ilikuwa enzi zile una nywele," akajibu Fundi.

Mbuzi mmoja alitupita. Alikuwa anatembea.

Tulipofika bondeni kwenye tope, Babu akatangulia. Gurudumu la mbele likazama. Akashusha mguu ajiegemeze, goti likakataa.

Puu!

Hakuumia. Alikaa pale topeni ananitazama. Wenzake nao wakanigeukia, kama wezi waliofumwa jikoni.

"Kaona," alisema Fundi.

"Shuka," Mwalimu akaniamuru.

Nikashuka. Akaisukuma pikipiki topeni, akailaza taratibu kama mtoto aliyesinzia, akajinyoosha kando yake. Fundi, aliyepasuliwa mgongo mwaka jana, akafuata. Alipogusa chini alitoa mlio ambao bado nausikia.

"Ndivyo tulivyo tangu utoto," Mwalimu alinieleza akiwa chali. "Akianguka mmoja, tumeanguka wote. Mzazi anakosa wa kumpiga."

Nyumbani Mama alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Nani kaanguka?"

"Mimi," wakajibu wote watatu kwa mpigo.

Mama akanigeukia. Mimi peke yangu nilikuwa msafi.

"Haya, macho yangu. Umeona nini?"

Bwenini, kabla ya kufundishwa hesabu, tulifundishana jambo moja: mwenzako hatajwi. Nikasimama wima, mkono kifuani.

"Mama, nathibitisha kwamba Babu hakuanguka. Aliingia topeni kuwaokoa wenzake."

Uongo uliopigwa pasi. Hata Mwalimu alitikisa kichwa kwa heshima.

Babu alikuwa anamtazama Fundi, aliyeshika ukuta kwa mikono miwili, hawezi kunyooka.

Akatoa funguo, akaziweka kiganjani mwa Mama.

"Nilianguka mimi, mwanangu."

"Babu!" nikapiga kelele. "Si tulishashinda?"

"We mzee una wazimu!" Fundi akafoka kutoka ukutani. "Sisi tumelowa kwa ajili ya nani?"

"Ndiyo hivyo," alisema Babu. "Nikianguka wiki ijayo, utajilaza tena. Nakujua. Sasa huo mgongo tutakushonea kwa uzi gani?"



Mama alizifumbata funguo, akaingia ndani. Nikadhani amekwenda kulia. Kumbe amekwenda kuchukua beseni.

"Shahidi," akaniita. "Nguo za wote watatu. Soksi pia."

Nilifua mpaka vidole vikasinyaa. Pikipiki imeshapata mnunuzi, na Babu hataki hata kuizungumzia.

Funzo langu ni hili, ndugu msomaji: kabla hujamdanganyia mzee, muulize kwanza kama anataka kudanganyiwa.