Kungwi na Watoto wa Mzee Kidevu

Mimi ni Mwanaidi binti Pazi wa Nangurukuru, kungwi. Ukishuka njia panda pale, muulize muuza korosho yeyote, utaletwa hadi mlangoni. Nimewacheza unyago wasichana wa hapa, wa Kilwa Masoko, hata wa Mtama kule bara, kwa miaka thelathini na mitatu, na katika miaka yote hiyo sijakosea hata mara moja. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema. Nilikuwa nikisema hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Nilikuwa na neno lingine. Nilidai kwamba msichana akinipigia hodi tu, najua kama amevunja ungo au bado. Najua kwa mwendo, kwa anavyoifunga kanga, kwa anavyokataa ghafla kuruka kamba na wenzake. Kina mama walikuwa wakiniletea mabinti zao niwatazame, kama mtu anavyompelekea embe yule ajuaye kuchagua. Jioni nilikuwa nikikaa barazani na kusimulia: mtoto wa fulani alilia, wa fulani alizimia, wa fulani alikimbilia kwa shangazi yake na kanga moja. Watu wakicheka, mimi nikinogewa.

Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiniharibia. Huyo ni binamu yangu Somoe, wa Mtama. Kila tukikutana, iwe harusini au msibani, ananikazia macho, anavuta pumzi, halafu analia kama kuku anayetaka kutaga. Watu hudhani ni utani wa kindugu. Mimi hucheka nao, kisha hutafuta nafasi ya kumkanyaga mguu.

Sasa, kwetu mama hazungumzi na bintiye mambo ya kukua. Ni aibu. Binti akiona dalili humwambia bibi yake, bibi ndiye humwambia mama, halafu kungwi huitwa. Nyumbani kwangu bibi na kungwi ni mtu mmoja, kwa hiyo nilihesabu kwamba habari ya mjukuu wangu Samia itapita njia fupi kuliko zote. Samia alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikaa tayari. Hata nyimbo nilishazichagua.

Runinga ililetwa na baba yake, mwanangu Yasini, dereva wa lori, ambaye nyumbani huja kwa mwezi mara moja. Aliifunga na king'amuzi chake, akaniambia, "Mama, utakuwa unasikiliza mawaidha." Mawaidha niliyasikiliza wiki moja. Wiki ya pili Samia akagundua kwamba kila Jumamosi, baada ya alasiri, kuna igizo la kuchekesha linaloitwa Watoto wa Mzee Kidevu.

Mzee Kidevu ni fundi baiskeli aliyefiwa na mke. Ana watoto watatu, na mkubwa wao ni binti anayeitwa Tatu, mwanafunzi wa kidato cha pili. Kila wiki Tatu anaharibu jambo. Anaandika barua ya mapenzi, anaikusanya kwa mwalimu pamoja na daftari la hesabu. Anajinyoa nyusi kabla ya picha ya darasa. Baba yake anajaribu kutengeneza, anaharibu zaidi, watu wanacheka, familia inakula ugali, kwisha. Hakuna kingine.

Kufika wiki ya tatu nilikuwa na wasichana tisa sebuleni. Wanane walitoka madrasa moja kwa moja na hijabu zao, na wa tisa ni Grace, anayekaa dawati moja na Samia, mtoto wa nesi wa zahanati. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba." Baada ya hapo hakuna aliyenitazama tena. Ni wasichana walewale ambao kwenye mkeka wangu hupiga miayo mpaka unaona kimio, leo wamekaa kwenye sakafu tupu hata kupumua hawataki. Matangazo yakiingia, wote kwa pamoja wanaiuliza runinga, "Halafu ikawaje?" Runinga! Niliona wivu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wenyewe ulikuwa umekaa sebuleni kwangu, juu ya stuli yangu.

Nikatangaza kwamba Jumamosi ijayo, saa ileile, kutakuwa na mafunzo ya heshima uani. Walikuja wote tisa, maana ni watoto wenye adabu. Niliimba nyimbo za kale na maana zake, nikaeleza jinsi mkubwa anavyoamkiwa na jinsi macho yanavyoinamishwa. Nikauliza, "Mmeelewa?" Wakajibu, "Ndiyo, Bibi," kwa sauti ya watu waliofiwa.

Mkwe wangu Esha, mama yake Samia, alikuwa pembeni akikuna nazi. "Mama," akasema taratibu, "huyo wa mwisho amelala."

"Hajalala. Anatafakari."

Anayetafakari akakoroma.

Basi Jumamosi iliyofuata niliwaachia runinga yao, nikajificha chumbani nyuma ya pazia na ungo wa mchele wa kuchagua, nia yangu ni kumjua adui. Siku hiyo Tatu alikuwa amejitia kujua kusuka, akamsuka mke wa mwenyekiti wa mtaa. Nilicheka hadi nikajiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Maharage yaliungua jikoni. Esha aliponiuliza nikasema kuni za mkorosho zina moto mkali. Tangu hapo sikukosa hata wiki moja. Nikawa naisali alasiri mwanzo wa wakati, jambo ambalo nadhani Mwenyezi Mungu aliliona na sababu yake pia aliijua.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa tano. Siku hiyo Tatu alivunja ungo, akiwa shuleni, na nyumbani hakuna mama. Mzee Kidevu akaenda dukani kumnunulia pedi. Alipofika mbele ya muuzaji, neno halikutoka. Akanunua chumvi. Akanunua kiberiti, sabuni, betri, kamba ya manila. Akarudi nyumbani na mzigo mzima isipokuwa kile alichofuata, akageuza, akaenda tena. Wasichana walikuwa wanagaagaa sakafuni. Mwishoni kabisa yule mzee akakaa nje ya mlango wa bintiye, akasema, "Mama yako angejua la kusema. Mimi sijui, mwanangu. Nakaa hapa tu."

Mimi nyuma ya pazia nilikuwa nafuta machozi kwa mkono wenye vumbi la mchele. Ndipo nikamsikia Samia akimwambia Grace kwa sauti ndogo, "Mimi Januari nilikaa chooni pale shule vipindi viwili. Isingekuwa mama yako, sijui."

Januari. Nikahesabu kwa vidole: Februari, Machi, Aprili, Mei. Miezi minne mtoto huyu alikuwa akipita mbele yangu kila asubuhi, shikamoo Bibi, marahaba mjukuu wangu, na mimi mjuzi wa mwendo na kanga sikuona kitu. Mganga hajigangi, sawa, lakini hata macho hana?

Ningependa kusema jambo la kwanza lililonijia ni huruma. Hapana. Jambo la kwanza lilikuwa: watu wakijua watasemaje? Nilijiona napita stendi na vidole vinaninyooshea. Huruma ilikuja baadaye, nilipokuwa nimeshalala kitandani nikakifikiria kile choo cha shule, hakina hata komeo, na mtoto wangu ndani yake vipindi viwili peke yake. Hapo niliumia kweli. Nililia, na safari hii si kwa ajili ya Tatu.

Nilingoja wiki nzima aniambie mwenyewe. Nilimrahisishia njia. Nilikohoa akipita. Nilikunja vitambaa vipya vya pamba nikaviweka kitandani kwake. Akanishukuru, akavitumia kufutia runinga vumbi. Jumamosi ilipofika, baada tu ya swala, wenzake hawajaja, nikakaa kwenye kigoda, nikamwita kwa sauti yangu ya kazi.

Akaja, akapiga magoti, akainamisha macho, mikono mapajani.

"Samia, una neno la kuniambia?"

Nikauliza mara ya pili na ya tatu. Mara zote tatu alinyamaza vizuri sana, mgongo umenyooka, kope hazichezi, na nikiwa namsifu moyoni kwa adabu hiyo ndipo nikatambua kwamba ninaitazama kazi ya mikono yangu. Mimi ndiye niliyewafunza. Miaka thelathini na mitatu nawafunza watoto wa watu kunyamaza mbele ya mkubwa, halafu nakaa kwenye kigoda na kununa kwamba hawaniambii kitu.

Nikatoka kwenye kigoda, nikakaa chini kando yake. Magoti yakalia.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, ndivyo ninavyomtania siku zote, "nilisikia. Januari."

Akashtuka.

"Sikugombezi. Nataka kujua tu. Kwa nini mama Grace na si mimi?"

"Bibi, nitasemaje..."

"Sema hivyohivyo."

Akavuta kamasi. "Wewe hukosei, Bibi. Kila siku unasema. Na wanaokosea unawasimulia barazani, watu wanacheka. Mimi nililia, Bibi. Nilidhani nimeumia ndani. Nikaona utanisimulia na mimi."

Nilitafuta methali, nazijua nyingi, haikuja hata moja.

"Na huyo Tatu?" nikauliza mwishowe. "Mbona huyo mnampenda, na yeye kazi yake ni kukosea?"

"Ndiyo hiyo," akasema, kama anayemweleza mtoto. "Tatu anaaibika kila Jumamosi. Na Jumamosi inayofuata yupo."

Nikamtazama. Nikamkumbuka Somoe na kuku wake. Siri hiyo nilikuwa nimeilinda miaka arobaini na mitano, na ukungwi wangu wote niliujenga juu yake.

"Unajua kwa nini Bibi Somoe wa Mtama akiniona analia kama kuku?"

Akatikisa kichwa.

"Nilikuwa na umri wako, kule Rutamba, tunaokota korosho. Nikaiona damu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kitu, na wakubwa tulikatazwa kuwasumbua wakati wa mavuno. Nikajua nakufa. Basi nikafanya nilivyomwona babu yangu akifanya alipougua: nikagawa mirathi. Chanuo nikampa mdogo wangu. Ushanga nikampa jirani. Kuku wangu mweupe, mwenye kishungi, nikampa Somoe, nikamwambia, 'Mtunze, usimsahau aliyekupa.' Kisha nikaenda chini ya mkorosho, nikalala ubavu wa kulia, nikaelekea kibla, nikaanza kungoja."

Samia alikuwa ameinua macho.

"Nikangoja, nikangoja, mauti hayaji. Njaa ndiyo iliyokuja. Bibi yangu akanikuta hapo, akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia, 'Nakufa, Bibi, lakini kama kuna muhogo nipe.'"

Samia alicheka mpaka akaniangukia begani. Nilikuwa sijamsikia akichekea begani kwangu tangu alipokuwa mdogo. Alipoweza kusema, akajifuta macho na kuuliza, "Halafu ikawaje, Bibi?"

Miezi yote ile nilikuwa nawasikia wakiiuliza runinga. Sikudhani siku moja nitaulizwa mimi.

"Hodi!" Walikuwa wenzake, wote wanane, wamejazana mlangoni. Wakaamkia, wakaingia, wakakaa sakafuni. Saa ilikuwa imefika. Samia hakuinuka kuwasha.

"Bibi," akasema, "anza upya. Wasikie na hawa."

Nikawatazama. Wa tatu kutoka dirishani alikuwa mtoto wa yule mama mwenye genge la mboga, mwanamke ambaye ukimpa neno asubuhi, adhuhuri limefika Masoko. Miaka thelathini na mitatu ya jina langu ilikuwa imekaa pale sakafuni, imevaa hijabu, inaningoja. Nikamtazama Samia.

Nikaanza upya, kuanzia kwenye korosho.

Jioni nilimwambia Esha habari ya binti yake, kama ada inavyotaka. Akashusha macho. "Nilijua tangu Februari, Mama, kwa nguo anazofua. Ningesemaje mimi? Nilikuwa nangoja uniambie." Yaani nyumba nzima ilikuwa imekaa na adabu yake, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Jumatatu nilipopita stendi, muuza korosho wa kwanza alinililia kama kuku. Wa pili akapokea. Kondakta mmoja, ambaye simjui wala hanijui, akapaza sauti kuuliza kama kwenye mirathi kumebaki kitu. Nilirudi nyumbani nimejitanda kanga hadi puani. Mchana Somoe akapiga simu kutoka Mtama; hakutoa hata salamu, alilia tu kama kuku kwa muda mrefu, kisha akakata. Usiku sikula.

Jumamosi iliyofuata, baada ya alasiri, nilikuwepo sebuleni.