Bibi alivyomweka kobe wangu kwenye uzazi mpaka ngozi ikaanza kuoza

Wakuu, habari za humu. Mnaostahili kunipa shikamoo, nimeshaipokea.

Nimeona vijana mnalalamika kobe wenu wanachubuka. Ngoja niwape yaliyonikuta, na siongezi chumvi.

Miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatutawala, nilikuwa binti mdogo kule mlimani Machame. Mjomba akaniletea kobe kutoka tambarare. Tulimwita DC, kama yule mkuu wa wilaya wa Kizungu, maana ukimpelekea shida anaingiza kichwa ndani.

Mvua na ukungu vikaja. DC akaanza kuchubuka shingo, macho yakavimba, akagoma kula.

Bibi mzaa baba akamgeuzageuza, akatoa hukumu: "Mae! Huyu amekonda kama mzazi. Mleteni ndani."

Kwa wasiojua, kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi mitatu karibu na moto. Analishwa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, anapakwa mafuta. Akitoka, ananawiri.

Basi DC akawekwa kwenye uzazi. Dume zima, wakuu.

Asubuhi mtori wa nyama, jioni maziwa. Halafu anapakwa siagi shingo hadi mkia, anang'aa kama kiatu cha mchungaji. Jua halioni.

Kumbe ngozi ndiyo inaoza. Makwapani vidonda, gamba likaanza kubonyea. Bibi akaongeza mtori.

Baba akachoka na harufu. "Siku ya soko ikifika hajapona, namtupa bondeni."

Nililia sana. Nilimpenda yule mnyama kuliko ndugu zangu wote, na msimamo wangu haujabadilika.

Kilichomwokoa ni mama kujifungua. Pale motoni nafasi ni moja, na mzazi halisi kafika! DC akatolewa nje. Bahati nzuri mvua zilikuwa zimekatika.

Nikamwosha siagi kwa maji ya uvuguvugu, nikamweka uani penye vichanja vya kahawa. Akaota jua. Akaanza kutafuna magugu, kwanza kwa maringo, baadaye kwa fujo.

Siku ya soko ikafika, macho yamefunguka na anatembea. Baba akamtazama weee, akaenda zake sokoni Kwa Sadala. Vidonda vilikauka polepole, gamba ndilo lilichelewa kukaza.

Bibi akatangaza ushindi: "Mmeona mtori ulivyofanya kazi?" Nani ambishie?

Mama yuko ndani, bakuli la tatu la mtori mkononi, anamchungulia DC mlangoni anavyoota jua. Akamwambia mama mkwe wake kwa adabu zote:

"Mama, naona na mimi shingo imeanza kuchubuka."

Bibi hakugeuka hata kidogo. "Kula."

Kwa hiyo wakuu, kobe apewe jua, majani na magugu. Nyama, maziwa na siagi msimpe, hata bibi akisisitiza. Macho yakivimba, wahini daktari wa mifugo.

Haya, wenye kobe semeni mnawalisha nini. Na mliowahi kulishwa mtori na mama mkwe, njooni tupeane pole.