Korongo la Fundi Makochi

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa fundi makochi maisha yake yote, na alipostaafu hakustaafu vizuri. Wenzake wakistaafu wanakaa mlangoni wakisengenya wapita njia. Yeye alinunua darubini. Halafu akachomelea tela la kuvutwa na pikapu yake, akaliwekea paa na madirisha, na ndani akalivalisha kama kochi la bwana harusi: kuta zina sponji, mlango una vifungo, hata kifuniko cha choo kina mahameli nyekundu. "Hii ni nyumba inayotembea," anasema. Inatembea kweli, hasa kuelekea kushoto.

Tulikuwa watatu safarini: yeye, dada, na mimi niliyealikwa kwa sababu dada alitaka mtu wa kununa naye. Shemeji akiona kitu kimeruka, breki. Sahani zote zinahamia mbele. Mara nyingine ni mfuko wa plastiki. Mfuko mmoja aliusifia mkia kabla haujanasa kwenye miiba.

Asubuhi ile dada alitoa hukumu huku akikamua nguo kwenye bomba la kituo cha mafuta.

"Baba watoto, leo ndiyo mwisho. Ukimwona huyo korongo wako, sawa, tutazunguka mpaka uchoke mwenyewe. Usipomwona tunageuza, na tela likifika nyumbani naingiza kuku."

"Kuku? Kwenye mahameli?"

"Watalala pazuri kuliko mimi."

Korongo ndiye ndege aliyemtoa shemeji nyumbani. Alimwona mara moja tu, utotoni, mrefu, ana taji la dhahabu kichwani, akaruka kabla mtoto hajashiba kumtazama. Miaka yote akishona makochi ya watu, picha ile ilikuwa kichwani mwake. Habari hiyo ilinigusa. Kisha akanituma betri za tochi, ikaacha kunigusa.

Maana siku ya kuangalia ndege, kama hujui, ni siku ya kutumwa. Gesi imekwisha, mkate umeota ukungu, sabuni imebaki kipande cha kuoshea kidole. Buchani shemeji alituandama, akaegemea meza na kuikagua nyama kwa darubini.

"Mzee," muuza nyama akamwambia, "huyu haruki tena."

Duka la gesi ndilo lililotuponza. Mwenye duka alikuwa ameinama anakaza koki ya mtungi wetu.

"Kijana, huku kuna korongo?" shemeji akauliza.

"Lipo! Tena kubwa. Shika njia ya chini, ukipita kinu cha kusagia utalikuta."

"Mtu ataona vizuri?"

"Labda awe kipofu. Juzi lori limekaa pale kutwa nzima."

Shemeji akanigeukia, macho yanang'aa. "Umesikia? Watu wanakaa kutwa!"

"Sasa wangeenda wapi?" mwenye duka akasema, lakini shemeji alikuwa tayari mlangoni anatuita kama vile ndege ana miadi naye.

Mimi shule niliishia ya msingi, lakini mwalimu wetu alikuwa na fimbo, na ngeli tulizijua. Nikamfuata hadi kwenye pikapu.

"Shemeji, yule kasema lipo, kubwa. Angekuwa ndege angesema yupo, mkubwa. Hilo ni korongo la ardhini, bonde lililochimbwa na mvua."

"Shemeji, umekuja kuangalia ndege au kusahihisha insha?"

"Nimekuja kula hii nyama niliyoibeba. Usiende huko."

Akaenda. Tulipita kinu, jicho lake moja kwenye darubini, la pili sijui lilikuwa wapi, maana barabarani halikuwapo. Korongo tulilipata. Pikapu ilipona ukingoni, lakini tela liliteleza likashusha gurudumu ndani, likainama kama mtu aliyesinzia msibani. Tukasikia vyombo vyote vikiporomoka. Hakuna kilichovunjika, na hapo nampa haki yake: viliangukia sponji.

"Hongera," dada akasema. "Umeliona."

Shemeji alichukua jembe akajipenyeza chini ya tela, darubini ingali shingoni, akaanza kuchimba. Sisi tukakaa kwenye nyasi tukimega mkate.

Ndipo kivuli kikatupitia, na ndege akatua juu ya paa la tela. Mrefu, wa kijivu, miguu kama fito, na kichwani taji la dhahabu limesimama kama ufagio mpya. Dada aliacha kutafuna, mkate ukambaki shavuni. Korongo akatembea paani taratibu, anakagua kama mwenye nyumba.

"Nani anatembea huko juu?" shemeji akafoka kutoka chini. "Shukeni, mnaniongezea uzito!"

Dada akanibana mkono nisijibu. Hakupepesa jicho.

"Nasema shukeni!" Akagonga sakafu ya tela kwa jiwe.

Korongo akafungua mabawa meupe, akaenda zake.

Shemeji akatoka, tope hadi kwenye nyusi. "Mlikuwa mnacheza nini?"

"Alikuwa korongo," dada akasema polepole.

"Korongo si hili nimo ndani yake!"

"Siyo hilo. Mwenye taji. Umemfukuza kwa jiwe."

Akanitazama mimi, anangoja nicheke. Sikucheka. Nikamwambia, "Alikuwapo, shemeji. Mkubwa."

Akakaa palepale topeni. Alionekana mtoto kweli, tena wa kunyang'anywa pipi. Dada akamsogelea, nikadhani anakwenda kumbembeleza. Akamvua darubini shingoni, akaifuta lenzi kwa upindo wa gauni.

"Ameelekea mabwawani," akasema, ameshaiweka machoni. "Hatugeuzi."

"Na kuku?"

"Kuku gani tena? Toa tela. Kuanzia leo wewe unaendesha, na breki unapiga nikisema mimi." Akaizungusha darubini kule tulikotoka. "Lakini kwanza kimbia dukani. Mtungi wa gesi tumeusahau."